Magurudumu ya Picha Isiyopigwa

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, na nilikuwa nimevaa koti jipya ili nipigwe picha. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa na pikapu nyeupe yenye kutu kwenye milango yote miwili, na nilijiona mtu wa maana sana hapa Birmingham.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua unakielewa, hata kama ukiulizwa unajibu kwa Kiingereza, na mambo haya sijawahi kuyafikiria kwa lugha nyingine. Soma polepole. Mahali usipoelewa muulize mama yako, kwa sababu nusu ya habari hii ni yake.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, ulinionyesha kwenye simu magurudumu unayotaka kuiwekea ile pikapu kuukuu uliyonunua kwa kazi yako ya kukodisha viti na mahema. Rimu pana, nyeusi, zinang'aa, na matairi yenye ubavu mwembamba kama mkanda wa suruali. Ukaniambia, "Uncle, si hizi ni nice? Tell me honestly." Nikasema nitakujibu. Ukacheka, ukasema, "Ni tyres tu, Uncle, it's not an exam." Nimenyamaza wiki nzima, na najua ulishangaa. Siwezi kukujibu habari za magurudumu kabla sijakueleza habari za mkono wa mama yako.

Unaujua mkono ule wa kulia. Hawezi kufungua chupa ya jemu. Baridi ikiingia huushika kwa ule wa kushoto na kuukanda taratibu, huku anaongea mambo mengine ili asiulizwe. Tangu utotoni umeambiwa aliteleza kwenye barafu kabla hujazaliwa. Hakukuwa na barafu, mwanangu. Ni mimi niliyeuvunja.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nikiwaosha, nikiwalisha, nikiwageuza kitandani. Ni kazi ya heshima, na leo nalisema hilo bila haya yoyote. Lakini nyumbani Voi nilikuwa nimewaandikia kwamba mimi ni meneja. Niliandika hivyo mara moja tu, barua ya kwanza, nikiwa na upweke na baridi, na baada ya hapo kila barua ilibidi iilinde ile ya kwanza. Nilikuwa na mchumba, ndiye huyu Shangazi Mkiwa unayemjua, na kaka zake walikuwa wameanza kuuliza maswali. Meneja wa nini? Ana gari? Mbona hatumi hata picha?

Basi nikanunua pikapu. Kanisa letu lilikuwa changa, halina jengo. Viti, sufuria na mahema yetu yalikaa kwenye stoo moja kule Tyseley, na kila palipotokea harusi au msiba, mbebaji nilikuwa mimi. Sikulipwa, na sikutaka kulipwa. Nilipenda kusikia watu wakisema, "Mwadime yuko? Basi vyombo vitafika." Mtu anayegeuza wazee kitandani wiki nzima anahitaji mahali pa kusikia jina lake likitajwa hivyo.

Matairi yale yaliyokuja na pikapu yalikuwa yamekwisha, vipara kabisa, na rimu zake za chuma zilikuwa nyembamba, zimepigwa rangi nyeusi iliyobanduka. Kubadilisha ilikuwa lazima. Nikaona hapo hapo nitamaliza mambo mawili: nitapata magurudumu, na nitapata picha ya kuwanyamazisha mashemeji. Mtu mmoja wa Balsall Heath alikuwa anauza seti aliyoitoa kwenye gari lake dogo la kifahari, rimu pana za rangi ya fedha. Niliziona tu nikajiona nimesimama kando ya pikapu, mguu mmoja juu ya gurudumu. Nikazinunua siku hiyo hiyo.

Nikazipeleka kwa Mzee Yusuf. Huyu alikuwa Msomali wa Isiolo, aliyekaa Uholanzi miaka kadhaa kabla ya kuja huku, na alikuwa na karakana ndogo ya matairi Tyseley, nyuma ya depo ya treni. Wakenya wote tulikwenda kwake, Wakristo na Waislamu, kwa sababu mtu angeweza kueleza shida ya gari lake kwa Kiswahili na akaeleweka. Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wenye haraka. Hakuanza kwa kukuuliza gari aina gani. Alikuuliza, "Unabeba nini?" Kisha, "Na kando yako anakaa nani?" Mpaka umjibu yote mawili, jeki haiguswi.

Siku ile alichuchumaa mbele ya magurudumu yangu, akafuta ubavu wa tairi moja kwa kidole gumba, akasoma.

"Hii imeandikwa tisini na moja," akasema. "Ya pikapu yako ni mia na kumi. Unajua hiyo ni namba ya nini?"

Nikasema ni ya spidi.

"Ni ya uzito. Hii tairi imetengenezwa ibebe watu wanne na shopping yao. Wewe unabeba nini?"

"Viti, mzee. Na sufuria. Lakini si kila siku."

"Na kando yako?"

"Yeyote wa kanisa."

Akainuka, akapima kwa vidole nafasi kati ya gurudumu na bodi. "Tena ni pana. Ukipakia, gari ilale nyuma, itasugua hapa. Itajikata yenyewe pole pole mpaka ipasuke. Mimi siweki hii kwa gari ya kubeba watu. Niletee zile rimu zako za chuma, nikutafutie tairi za mzigo."

"Mzee, niwekee tu. Jumamosi nataka kupigwa picha."

Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Aliniangalia, hakucheka.

"Kijana, unatafuta gurudumu ama unatafuta picha?"

Nilikasirika. Sikukasirika kwa kuwa amekosea, nilikasirika kwa sababu amepatia. Nikapakia magurudumu yangu, nikaenda karakana nyingine ambako hakuna aliyeniuliza chochote, na baada ya saa moja nilikuwa barabarani nikijitazama kwenye vioo vya maduka. Nikipita kwenye tuta nilisikia mkwaruzo mdogo upande wa nyuma. Nikaongeza sauti ya redio.

Jumamosi ikafika. Wiki ile tulikuwa tumefiwa na nesi mmoja mtu wa Kisii, na kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani tulikuwa na maombi kwenye ukumbi Digbeth. Nilipakia viti themanini, hema, na sufuria tatu kubwa. Pikapu ililala nyuma kama alivyosema mzee. Nami nilikuwa na koti langu jipya kwa sababu tulikubaliana na rafiki mmoja kwamba nikishapakua, anipige picha pale nje, kwenye ukuta wa matofali. Fikiria hilo, mwanangu. Nilikwenda kwenye msiba wa mwenzangu nimevaa kwa ajili ya picha.

Mama yako alikuwa na miaka ishirini na minne, umri wako wa sasa. Tulifanya kazi nyumba moja ya wazee, na kanisani alikuwa msimamizi wa jikoni, kwa hiyo alipanda mbele kando yangu, ndoo ya mandazi mapajani. Alikuwa na furaha wiki ile, licha ya msiba, na aliona haya kuwa nayo. Alikuwa amepata barua ya kukubaliwa kusomea unesi Septemba. Alikuwa amenieleza habari hiyo mara tatu, na njiani akaanza ya nne.

Katikati ya maelezo yake akanyamaza, akanusa. "Kaka Mwadime, kuna kitu kinaungua."

"Ni breki za lile lori mbele."

Tukaenda. Lori likakata kona, likatuacha. Akanusa tena. "Si lori. Bado nasikia. Ni kama raba. Hebu simama uangalie."

"Tumechelewa, dada. Watu wanasubiri viti. Tukifika nitaangalia."

Nataka usome hapa mara mbili. Nilijua. Nilikuwa nimesikia mkwaruzo tangu tulipotoka stoo, na sasa ulikuwa hauachi hata mahali barabara ilipokuwa laini. Nilijua ni nini kwa sababu nilikuwa nimeelezwa na mtu aliyechuchumaa akanionyesha kwa vidole vyake. Sikusimama kwa sababu kusimama kungekuwa kukiri, na nilikuwa na koti jipya.

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka tukishuka kuelekea Digbeth. Pikapu iliyumba, ikapanda ukingo, ikagonga nguzo kwa upande wa mama yako. Aliunyosha mkono wa kulia kujikinga, wa kushoto ukiwa bado umeshika ndoo, na huo wa kulia ndio uliopokea yote. Viti vilitawanyika barabara nzima. Nilipogeuka kumwangalia alikuwa ameushika mkono wake kifuani, uso umepauka, akaniuliza, "Viti vitafikaje sasa?" Mimi sikuwa na hata mchubuko. Koti halikuchafuka.

Picha haikupigwa. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili, wakautia vyuma. Septemba ilifika mkono bado haukunjiki, akaomba asubiriwe mwaka. Mwaka uliofuata mkono haukuweza kumwinua mgonjwa, wala kushika sindano kwa uhakika. Akaenda kukaa mapokezi, pale kliniki ulikokuwa ukimpitia baada ya shule. Uliwahi kuniambia mama yako anapenda kazi isiyo na presha. Nilikubali kwa kichwa, nikaenda kunawa mikono ili usinione uso.

Sasa nikueleze jambo baya kuliko hilo la tairi.

Jumapili ya pili baada ya ajali, mchungaji aliita wenye ushuhuda. Nikasimama. Unajua sisi tulivyo kwenye ushuhuda, maneno yako tayari, mtu anayachukua tu kama vikombe rafuni. Nikasema adui alitaka kutuangamiza njiani. Nikasema Shetani alitaka kuongeza msiba juu ya msiba, lakini Bwana akamkemea. Watu wakapiga makofi, waimbaji wakaanzisha wimbo. Baadaye walinishika mkono mmoja mmoja, na kuna aliyesema nilivyoukamata usukani siku ile, bila mimi angekufa mtu. Mama yako alikuwa safu ya tatu, mkono kwenye plasta. Aliniangalia, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayeomba. Sikuthubutu kumwangalia tena.

Sisemi Shetani hayupo. Nasema Jumamosi ile kazi yake niliifanya mwenyewe, nikamsingizia.

Pikapu ilikuwa imevutwa hadi kwa Mzee Yusuf, maana ndiko kulikokuwa karibu na stoo. Jumatatu nikaenda kuchukua vitu vyangu. Alikuwa ameliweka lile tairi juu ya meza, ubavu juu, na palipokuwa pakisugua pamelika mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Hakunisalimia kama kawaida yake.

"Wenzako wamepita hapa," akasema. "Wanasema umeeleza kanisani ni Shetani."

Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Yule dada hakusikia harufu?"

"Alisikia, mzee. Aliniambia mara mbili."

Akaligeuza lile tairi linielekee. "Basi tuhesabu. Mimi nilikukataza hapa. Yule dada akakukataza njiani. Sisi ni watu wawili. Halafu umeenda mbele ya Mungu wako, ukamtaja wa tatu. Shetani hakuja kwangu na hizi rimu, Mwadime. Ni wewe ulikuja."

Alikuwa anaongea chini, kama mtu anayezungumza hospitalini. Ningependa angenifokea. Nikamuuliza nifanye nini.

"Mimi si wa dini yako, siwezi kukufundisha kutubu. Lakini mkono ni wa yule dada. Anza kwake."

Nilikwenda jioni ile ile, chumba alichokuwa amepanga Balsall Heath. Nikamwambia yote, namba ya uzito, onyo la mzee, mkwaruzo niliousikia, picha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Najua. Nilikungoja useme pale mbele." Nikalia, mwanangu. Yeye hakulia. Akasema, "Sasa umeniambia, imetosha. Usiwaambie wengine. Watakuondoa kwenye kubeba vyombo, na hakuna mwingine mwenye gari. Tutafiwa tena."

Alinisamehe, na msamaha wake ulikuwa wa kweli, sijawahi kuutilia shaka. Lakini kujificha nyuma ya msamaha huo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Nilirudisha rimu za chuma, nikaweka matairi ya mzigo, nikaendelea kubeba vyombo miaka yote hii, na kila niliposifiwa nilinyamaza. Nyumbani nao niliwaandikia kwamba mimi si meneja. Shangazi yako alijibu kwamba alijua siku nyingi, meneja gani anaandika barua nyuma ya ratiba za zamu. Hilo lilikuwa rahisi. La kanisani liliniganda. Ulipozaliwa, ukakua, ukauliza habari za mkono, mama yako akakuambia barafu, na nilikuwa nimeketi hapo hapo nikinywa chai yake.

Alhamisi nilimwendea nikamwomba ruhusa ya kukuandikia. Alikuwa anamenya viazi kwa ule mkono wa kushoto. Akasema, "Mwambie. Ni mtu mzima sasa. Na Jumamosi akipeleka viti vyake, mimi ndiye nitakaa kando yake."

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu. Usinunue zile, mwanangu. Tafuta rimu za chuma za kipimo kile ambacho pikapu ilitoka nacho kiwandani, na matairi yaliyotengenezwa kubeba mizigo. Soma namba ya uzito mwenyewe, kwa macho yako, ulinganishe na iliyoandikwa kwenye mlango wa gari. Soma na tarehe ya kutengenezwa, maana tairi linaweza kuwa halijalika na huku limezeeka. Yakishawekwa, pakia mzigo wako wote, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, kisha shuka, upitishe vidole kati ya tairi na bodi. Baada ya safari ya kwanza kaza nati tena. Wenzako wakikucheka kwamba gari lako linafanana na la mzee, waache wacheke, hawapandi.

Mtu aliyeketi kando yako akikuambia anasikia harufu, simama. Hata kama unajua ni lori. Hata kama umechelewa msibani, waliofiwa watakaa chini, watakusubiri. Na siku utakayokosea, kwa sababu itafika, sema siku hiyo hiyo, kwa jina lako, mbele ya wale wale uliowadanganya au ulio karibu kuwadanganya. Ukichelewa, watu watakupa maelezo mazuri kuliko ukweli, nawe utayapokea, na mwenye kuumia atalazimika kukutunzia siri pamoja na maumivu yake. Mama yako amenitunzia yangu tangu kabla hujazaliwa. Naona aibu hata kuandika.

Nimemwomba mchungaji nafasi Jumapili hii. Nitasimama pale mbele niseme haikuwa adui, alikuwa Mwadime, aliyeambiwa na watu wawili akakataa kusikia. Wengi waliopiga makofi siku ile wamezeeka, wengine tumewazika na vyombo nikabeba mimi. Waliobaki watasikia. Ukija, nitafurahi. Ukiona huwezi kukaa humo ndani ukinisikiliza, au ukaona neno Uncle limekuwa gumu mdomoni, sitakulaumu hata kidogo.

Mungu akubariki wewe na kazi uliyoianza. Akupe masikio ya kusikia unapokatazwa. Ailinde mikono yako miwili mizima, na mikono ya kila atakayekuamini akapanda kando yako, na Jumamosi, mwanangu, akufikishe taratibu na mama yako.